Samahani za Wembe

Dada yangu mpendwa,

“Anayetanguliza samahani hana ubaya na mtu.” Ndivyo ulivyoniandikia, na mimi nakataa. Anayetanguliza samahani anajua fika anachokwenda kufanya, kama daktari wa meno anayekwambia ulegeze taya. Wewe mwenyewe ulianza hivyo: samahani mdogo wangu, lakini mwandiko wako siku hizi unakimbia. Nilinuna wiki nzima. Haya, sasa nikusalimu. Hujambo? Shemeji anaendeleaje na mgongo? Sisi huku wazima, ila kuna hili.

Unaijua kazi yetu pale kiwandani. Kitabu hakichapwi mpaka kipitiwe na wawili: mmoja anasoma muswada kwa sauti, mwingine anafuata kwenye nakala ya majaribio na kusahihisha. Mimi ndiye ninayefuata, mwaka wa ishirini na mbili huu. Anayenisomea ni binti tunayemwita Wembe kwa ajili ya ulimi wake. Alianza kwa kuniambia nisimwelewe vibaya, lakini meza yake ya dirishani ina mwanga zaidi kuliko yangu. Nikamjibu kwamba nimemwelewa vizuri sana. Wiki iliyofuata akasema, kwa heshima zote kaka, ningeyapumzisha macho. Juzi nikamkuta ananong’ona na meneja. Waliponiona wakageukia kulisifia shati langu. Shati lenyewe unalijua, dada. Halina sifa.

Nikajua anakitaka kiti changu.

Jana alisoma, nami nikawa naitikia “sawa” kila mstari. Mara akafunga mlango, akaniambia hasemi kwa ubaya, lakini mistari mitatu ya mwisho haikuwamo kwenye nakala. Ameitunga yeye. Na yote mitatu nimeiitikia.

Dada, tangu mwaka jana herufi ndogo sizioni. Nafuata sauti yake tu, natia alama mbili tatu kwa kubahatisha. Anadai makosa yangu huyasahihisha yeye nikishaondoka, na kwa meneja alikwenda kuniombea nafasi nikatibiwe. Huenda ni kweli. Bado namtazama kwa jicho la pembeni, hilo linaloona kidogo. Mwisho wa mwezi naitwa ofisini, na sijui nikakiri au nikabishe.

Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja.

Wewe na shemeji, wekeni rula chini ya mistari hii. Niandikieni imepinda kiasi gani, na mliliona hilo tangu lini. Msianze na samahani.

Mimi mdogo wako,
Mbishi