Kwa Nini Urani, Si Chuma

Mjukuu wangu Ayikoru,

Hapa Mvara tumeamka salama. Mihogo imekauka vizuri, na wadogo zako wawili wanauliza kila siku utarudi lini uwafundishe fizikia.

Umeuliza kwa nini urani inafaa kuendesha mtambo wa nyuklia na chuma hakifai. Miaka yote niliyofundisha sayansi, swali hilo lilinirudisha Abuku, nilikozaliwa.

Usiku mmoja nikiwa mtoto, mvua ilinyesha mpaka moto ukazimika jikoni kwa kila mtu, isipokuwa kwetu. Kiberiti hakikuwepo. Kulipokucha nilikuwa na njaa, lakini mama alitia makaa kwenye vigae viwili vya chungu. "Chakula iko, itangoja," akasema. "Peleka moto nyumba mbili kwanza." Ndiyo desturi yetu: anayepewa moto huwapa wawili kabla ya kupika. Asubuhi hiyohiyo moshi ulipanda kwenye kila boma.

Urani nayo hufuata desturi hiyo. Kiini cha atomi yake, hasa ya aina nyepesi, ni kikubwa na kinajishikilia kwa shida. Nyutroni moja, chembe ndogo mno isiyo na chaji, ikikigonga, kinapasuka, kinatoa joto na kurusha nyutroni mbili au tatu, nazo zinapasua viini vingine. Kiini cha chuma kimejifunga imara. Kikigongwa hakipasuki, na mambo yanaishia hapo.

Sasa unaandika kwamba unataka kuacha masomo kwa sababu uko msichana peke yako darasani. Sikubali. Makaa yamekwisha kukufikia. Likizo njoo, na kabla hujagusa chakula changu, wafundishe wale wawili.

Nyanya yako anayekungoja