Fimbo Kwenye Chumba cha Ushauri

Jumanne, 4 Juni 2019
Siku ya pili ya mazoezi yangu ya ushauri nasaha. Sekondari, nje kidogo ya Serowe, Botswana. Baridi ya kukata masikio. Msimamizi wangu ni Mma Keorapetse (huku kila mwanamke huitwa Mma, yaani mama), mshauri wa wanafunzi, miaka kumi na tisa kazini. Nyuma ya mlango wake — fimbo! Nikauliza. Akacheka. Eti wasichana hawachapwi na walimu wa kiume, basi kazi hiyo ni yake. Asubuhi anawasikiliza, mchana anawacharaza. Shahada ya uzamili yote hii ninayoisomea ni kwa ajili hiyo?

Alhamisi, 6 Juni
Oarabile, msichana wa kidato cha pili, kanifungukia. Ndiye aliyevunja kioo cha ofisi ya walimu. Mwalimu wa hesabu alimwambia mbele ya darasa kwamba ananuka pombe ya mama yake. Alilia mpaka kamasi. Nikamwahidi, ni siri yetu. Kisha nikaandika yote kwenye ripoti ya kikao, kama chuo kinavyotaka, nikampa Mma Keorapetse asahihishe. Kalamu nyekundu. Kosa langu: sikuweka tarehe.

Ijumaa, 7 Juni
Kinyaa. Kinyaa kitupu.
Saa nne mkuu wa shule kamwita Oarabile. Ana ripoti yangu mkononi! Viboko vinne viganjani, mchapaji Mma Keorapetse. Lazima awepo shahidi wa kusaini daftari la adhabu. Shahidi mimi.
"Mma, mimi ni mshauri wake."
"Na mimi je? Utazoea, mwanangu."
Oarabile hakulia. Hakuitazama fimbo. Alinitazama mimi.
Nikasaini. Fomu yangu ya saa za mazoezi inasubiri saini ya yule mama — ndiyo sababu, sina nyingine. Najichefua.

Jumamosi, 8 Juni
Nimempigia mhadhiri wangu. Kasema niandike tafakari ya kurasa mbili kuhusu "changamoto". Nimesonya simu ikiwa bado hewani.

Jumatatu, 10 Juni
Mma Keorapetse kanipa alama za juu kabisa. Eti watoto wananiamini upesi, nina kipaji! Simu ya mwalimu mmoja imeibwa, basi ataniletea wanafunzi sita wanaoshukiwa, mmoja mmoja. "Wewe ongea nao tu kwa upole, halafu uandike."
Wa kwanza kaketi. Kavulana kembamba, midomo imepasuka kwa baridi. Nikamuuliza jina tu. Akaanza kulia.
"Mma, nataka kukuambia kitu—"
"Nyamaza!" nimemwambia. "Usiniambie chochote!"
Nimekimbilia chooni. Naandika hapa, nimeegemea mlango. Mma Keorapetse anagonga. Anauliza kwa sauti tamu kama mtoto ameshasema.