Kidonda cha Baba

Kitengela, Jumanne

Nimekuwa nikimdanganya Mama. Tangu Baba atoke hospitali na uti wa mgongo ulioumia, mimi ndiye humgeuza kitandani nikitoka shule. Nesi alisema niangalie ngozi kila siku, kwa sababu Baba hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini na hawezi kusikia kidonda kikianza. Lakini kwetu msichana haoni uchi wa babake. Nimekuwa nikifunga macho ninapomgeuza, halafu namwambia Mama, "Ngozi iko sawa."

Leo shuka ilikuwa imelowa usaha. Nikaangalia. Kidonda kilikuwa kimeshachimbika, cha siku nyingi.

"Mwambie mama yako kimeanza leo," Baba akasema, akiangalia ukuta.

Sikuweza. Nilimwambia Mama ukweli wote. Hakunigombeza.

"Kesho tunampeleka hospitali ya Kajiado," akasema. "Daktari atauliza kimeanza lini. Wewe ndiye utajibu."

Nitasemaje mbele ya Baba kwamba sijui, kwa sababu nilikuwa nikifunga macho?