Kahawa ya Pili Wakati wa Kura

Jodie shoga, acha unachofanya. Leo nimejimaliza mwenyewe hapa Bungeni Canberra.

Unamjua Tamsin wa chama chetu, yule kipenzi cha mnadhimu anayetupangia zamu za miswada. Ratiba ya asubuhi imetoka, mswada wake unapigiwa kura leo. Wangu wa ambulensi za mashambani umesukumwa mpaka mwezi ujao. TENA! Wivu ulinijaa, keki nikaisukuma pembeni pale mgahawani. Simu nikaizima nisione anavyopongezwa.

Kengele ya kura ikalia, taa za kijani za kutuita ukumbini zikawaka. Nikasema moyoni, kura yangu hapati ng'o. Nikaagiza kahawa ya pili. Nikainywa POLEPOLE.

Nafika ukumbini, milango imeshafungwa. Unajua ikifungwa haifunguliwi hata ulie. Nikasimama pale nje natabasamu.

Tamsin akatoka macho mekundu. "Ulikuwa wapi wewe?"

Nikamwambia, "Pole kwa mswada wako."

"Wangu? Si ratiba ilipotoka tu nilimwomba mnadhimu tubadilishane zamu, wako utangulie! Hukuona ujumbe?"

Nimewasha simu sasa hivi. Upo. "Kimbia mama, leo ni siku yako."

Mswada wangu umeanguka kwa kukosa kura moja.

Moja, Jodie. Na mimi nakunywa kahawa.