Ubavu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Gari limegongwa. Hapana — mke wangu ameligongesha. Niandike ukweli, humu hasomi mtu.

Nguzo ya taa, mbele ya duka la dawa. Ubavu wa mbele wa kushoto umekunjamana, taa imening'inia, mlango unalia ukifunguliwa. Gari langu la spoti! La buluu, la viti viwili, nililojizawadia siku nilipostaafu upimaji wa ardhi.

Yeye mzima, hana hata mkwaruzo. Nilimkumbatia kwanza, namshukuru Mungu kwa hilo. Kisha nikaenda kulizunguka gari, yeye akabaki amesimama peke yake kando ya barabara.

Nimemuuliza ilikuwaje. Anasema usukani ulienda wenyewe tu.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, kaka yake mke wangu, amepiga simu: nisihangaike, ana rafiki mwenye gereji, siku tatu kazi imekwisha. Bado linatembea, nikalipeleka taratibu.

Fundi hakuinama hata kidogo. Akasema: tunaziba mabonde kwa puti, tunasugua, tunapiga rangi, mzee utasahau kama liligongwa! Pembeni palikuwa na gari walilomaliza jana. Nikatoa futi yangu, nikapima mwanya wa mlango. Juu milimita nne, chini tisa. Tisa! Mafundi wakaangua kicheko, wakanibatiza Mzee Futi papo hapo. Nikageuza gari.

Nyumbani kikombe kimemponyoka mke wangu, kikavunjika. Akasema nimwongeze na yeye kwenye orodha ya vitu vya kutengenezwa. Tumecheka sana.

Alhamisi, 6 Machi

Gereji ya pili. Nilimbembeleza mke wangu tufuatane. Sakafu ya vigae, viti vya ngozi, mafundi wamevaa makoti meupe kama wa maabara. Hawanyooshi chochote — wanang'oa, wanaagiza kipya, unasubiri miezi. Kazi safi, sikatai. Nilikaribia kukubali.

Basi yule wa mapokezi akauliza kama mama ndiye aliyekuwa dereva. Tukasema ndiyo. Akasema basi wataagiza bampa mbili, moja ya akiba.

Nikacheka. Mimi! Mke wangu akawa anaangalia mapaja yake.

 Tulipofika nikamwambia yule kijana hana adabu.

"Wewe ulicheka kumshinda," akasema, akaingia ndani.

Nimelifuta jina la gereji ile. Nani wa kunifuta mimi?

Jumamosi, 8 Machi

Niandike yote.

Gereji ya tatu ni ua tu nyuma ya duka la mbao. Mwenyewe ni mwanamke, makamo yetu, penseli ameichomeka kwenye kilemba, mikono imejaa kama ya mwogeleaji. Alifumba macho akapitisha kiganja kwenye bati, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Futi yangu hakuicheka. Akasema niiweke karibu, tutaihitaji.

Kisha akanipita. Akamwendea mke wangu, niliyekuja naye.

"Dada, hebu kaa hapa. Nionyeshe ulivyoshika usukani."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Hata mimi. Akakaa, akashika, mikono yote miwili.

"Mkono wa kushoto ulifanya nini?"

 Nikasikia msumeno wa jirani unakata mbao.

"Ulidondoka," mke wangu akasema. "Ukavuta usukani. Ulikuwa kama si wangu."

Tangu lini? nikauliza. Tangu Desemba. Vifungo vinamshinda. Vikombe. Asubuhi nyingine vidole viwili havipo kabisa, mpaka avisugue.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha na gari lako."

"Furaha yangu ni gari?"

"Siku ile ulilizunguka mara nne," akasema. "Nilihesabu."

Nimepiga magoti kwenye kokoto na vumbi la rangi, nimekumbatia miguu yake, mzee mzima, mbele ya watu. Miaka arobaini nimepima mashamba ya wenzangu, sikuacha hata hatua moja. Nyumbani kwangu sikuona kitu.

Fundi alijifanya anatafuta nyundo. Aliporudi akasema bodi ataiweza, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini nimpeleke dada hospitali, gari halina haraka. Nikampa funguo. Sikuuliza bei, sikupima chochote. Gereji nimeipata.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari amembonyeza vidole, amemchoma na pini, amemwambia atembee mstari mmoja. Anataka picha ya shingo na kichwa. Huenda ni mshipa wa shingoni umebanwa. Huenda ni kitu kingine. Hicho kingine hakukitaja, na sisi hatukuuliza.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimemfunga vifungo vya blauzi. Akasema nafunga kama napima kiwanja, tutachelewa. Nikamwambia atulie, mpaka haujanyooka!

Picha imepigwa. Sasa tunasubiri majibu, benchi ndefu, ukuta wa kijani. Nimekuja na daftari kwa sababu sijui macho niyaweke wapi.

Fundi amepiga simu. Bati amelivua, linanyooka, hataweka jipya. Tukitaka tupite tuone. Mke wangu akaichukua simu. Akamwambia asiharakishe. Wakaongea mambo yao, akacheka kidogo, akasema ahsante dada, mara mbili.

Kisha akaniuliza kama nitamwachia tena gari.

Nikasema nitakaa kando yake.

"Hujajibu."

 Kama ni mshipa tu, nitamwachia hata kesho, aligongeshe kwenye kila nguzo ya mji huu. Kama ni kile kingine — sijui. Nimeuchukua mkono wake wa kushoto, nimeuweka kwenye goti langu. Nauminya kidogo. Namuuliza anasikia? Anasema kidole gumba, ndiyo. Cha pili, ndiyo. Cha tatu anafikiri.

Mlango umefunguka. Muuguzi ana bahasha kubwa, anaangalia benchi, anatafuta nani ni nani. Mke wangu ananiambia niache kuandika, nimshike kwa mikono yote mi—