Pedali ya Kushoto

Jumanne jioni

Mlinzi hata hakunifungulia geti. "Mathe, ofisi imefungwa juu ya korona. Hataza za uvumbuzi zinaombwa kwa mtandao."

Wiki tatu nimejaribu huo mtandao, nipate hiyo hataza ya kuzuia watu kuiga kifaa nilichobuni. Kila nikifika pa kuweka mchoro, ukurasa unagoma, na simu yao haishikwi. Nikamsihi angalau apokee bahasha yenye mchoro wangu.

"Nawa mikono kwanza, halafu tuone."

Kando ya geti kulikuwa na stendi ya kunawia, ile ya kukanyaga maji yatoke bila kushika mfereji. Ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye bahasha. Pedali iko kushoto. Mimi niliiweka kushoto kwa sababu goti langu la kulia ni bovu, miaka yote hii ya kuinama nikichomelea vyuma Kayole. Fundi mwingine angeiweka huko kwa nini? Mtu aliona stendi niliyotengenezea kanisa letu, akaiga yote, mpaka goti langu.

Ningemwambia nani?

Nikakanyaga. Maji yakatoka vizuri kabisa, na bahasha mlinzi bado hakuichukua.