Mchujo Niliouandika Mimi

Jumapili, Makambako. Upepo wa leo unataka kung'oa mabati, nami nina hasira tangu jana. Najikasirikia mwenyewe.

Jana tulijazana kwenye banda la video kutazama mechi za kufuzu za Afrika. Nchi moja ndogo ilikuwa inatolewa raundi ya awali. Mechi mbili tu, safari imeisha, na vigogo wako nyumbani wanasubiri makundi. Nikapandwa na mori. Nikapiga kelele kwamba huo ni uonevu, asiyepewa mechi atakua lini?

Kocha Mgaya wa Kidugala, mkulima wa viazi, alikuwa benchi la nyuma. Akanigusa bega kwa adabu, akanisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, katibu. Hao wamepewa mechi mbili. Sisi ulitupa moja."

Banda zima likacheka.

Ni kweli. Mimi ndiye katibu wa kombe letu la mkoa, na kanuni niliziandika kwa mkono wangu: timu za Njombe mjini na Makambako zinaingia makundi moja kwa moja, za vijijini zinachujana kwa mechi moja. Mechi ya Kidugala niliiweka katikati ya mavuno, ikaangukia siku ya lori la viazi. Lori halimsubiri mtu. Nusu ya wachezaji walibaki shambani kushona magunia, wakaingia uwanjani watu tisa, wakafungwa mbili. Mgaya aliponiletea malalamiko nilimjibu kanuni ni kanuni.

Mimi mtoto wa mkulima, nilisahau vipi msimu wa viazi?

Sikusahau. Nilitaka Makambako, timu anayoifundisha kaka yangu, ipite makundi bila jasho, Kidugala wakiwa wameshatolewa. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leo baada ya ibada nimekaa mezani nikaandika upya kanuni za msimu ujao. Timu zote zianzie mchujo, nyumbani na ugenini, mavuno yakishakwisha. Kaka amezisoma akanuna. Anasema kamati itanivua ukatibu.

Wanivue.

Kesho asubuhi napanda kwenda kikaoni Njombe. Nitasimama nizisome mwenyewe, kwa sauti, pamoja na mechi ya ufunguzi ninayoipendekeza: Kidugala na Makambako, uwanja wa Kidugala.